Kwa nini mwema ateseke? Swali la Ayubu katika mtaa wa wakimbizi mjini Dallas

Mtu akimsaidia jirani yake mgonjwa, kisha msaada huohuo ukawa chanzo cha kifo chake, imani ya Kikristo ina lipi la kusema? Swali hilo lina umri wa maelfu ya miaka. Hata hivyo, mwaka 2014 liliulizwa kwa uzito wa pekee huko Vickery Meadow, mtaa wa nyumba za kupanga uliopo kaskazini-mashariki mwa jiji la Dallas, katika jimbo la Texas nchini Marekani. Tangu wakati huo halijaacha kuulizwa, na miongoni mwa wanaoliuliza ni waumini wanaosali kwa Kiswahili.

Makala haya yanaangalia majibu ambayo Wakristo wamezoea kuyatoa pale maafa yanapowafika watu wasio na hatia, na jinsi kila jibu linavyoathiri maisha ya kanisa. Tofauti ya majibu hayo si ya maneno tu. Jibu ambalo mtu analishika moyoni ndilo linaloamua kama atabisha hodi kwa jirani aliyefikwa na msiba, au atapita upande wa pili wa barabara.

Mtaa wa lugha nyingi

Vickery Meadow haikujengwa kwa ajili ya wakimbizi. Majengo yake mengi yalijengwa katika miongo ya 1960 na 1970 kwa ajili ya vijana wenye kazi ambao hawakuwa na familia. Mwaka 1988 Bunge la Marekani lilifanya marekebisho ya sheria ya makazi na kupiga marufuku kuwabagua wapangaji wenye watoto. Vijana wakahama kidogo kidogo, na familia za wahamiaji, hasa kutoka Mexico na Amerika ya Kati, zikaingia.

Baadaye mashirika ya kuwapokea wakimbizi, kama vile International Rescue Committee na Catholic Charities, yaliutumia mtaa huo kuwapangia wageni wao nyumba za kuanzia maisha. Kituo cha treni cha Park Lane kiko karibu, na maduka yanafikika kwa miguu na mtu asiye na gari. Ndivyo walivyokutana katika ngazi za jengo moja watu kutoka Burma, Bhutan, Iraq, Somalia, Eritrea, Afghanistan na nchi nyinginezo.

Wasemaji wa Kiswahili waliingia Marekani kwa njia hiyo kwa mawimbi mawili makubwa. Kuanzia mwaka 2007 walipokewa Warundi walioikimbia nchi yao mwaka 1972, ambao walikuwa wameishi makambini nchini Tanzania kwa muda mrefu kiasi kwamba watoto wao, na hata wajukuu wao, hawakuijua Burundi kwa macho. Kisha wakafuata Wakongo kutoka kambi kama Nyarugusu mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996, na kutoka makambi ya Uganda, Rwanda, Burundi na Kenya. Katika mwaka wa fedha uliomalizika Septemba 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliongoza kwa idadi ya wakimbizi waliopokewa Marekani, ikiwa na watu zaidi ya 16,000. Texas ni miongoni mwa majimbo yaliyowapokea kwa wingi, na miji ya Dallas, Fort Worth na Houston ilipata sehemu yake.

Wengi wa watu hao ni Wakristo. Waliingia ndani ya ndege na Biblia zao, na nyimbo zao za kwaya, na pia swali ambalo fomu za uhamiaji hazina mahali pa kuliandika: kwa nini sisi?

Kifo cha Oktoba 2014

Tarehe 20 Septemba 2014, raia wa Liberia aitwaye Thomas Eric Duncan aliwasili Dallas kumtembelea mchumba wake, aliyekuwa akiishi Vickery Meadow katika nyumba za kupanga ziitwazo Ivy. Siku chache kabla ya safari, kwa mujibu wa majirani zake wa Monrovia walionukuliwa na vyombo vya habari wakati huo, Duncan alikuwa amesaidia kumbeba mwanamke mjamzito aliyezidiwa na ugonjwa. Gari la wagonjwa halikupatikana, hospitali zilikuwa zimejaa, na jamaa walidhani ni matatizo ya ujauzito. Mwanamke huyo alifariki dunia.

Usiku wa tarehe 25 Septemba Duncan alikwenda katika hospitali ya Texas Health Presbyterian, iliyopo ukingoni mwa mtaa huo, akapewa dawa na kurudishwa nyumbani. Tarehe 28 alirejeshwa hospitalini kwa gari la wagonjwa, na tarehe 30 ikathibitishwa kwamba ana Ebola. Alikuwa mgonjwa wa kwanza kugunduliwa na maradhi hayo ndani ya ardhi ya Marekani. Alifariki tarehe 8 Oktoba 2014.

Hofu ilienea kwa kasi kuliko virusi vyenyewe. Wakazi wa Vickery Meadow, wakiwemo wasiokuwa Waliberia wala Waafrika, walisimulia jinsi walivyoepukwa madukani na jinsi baadhi yao walivyoambiwa wasifike kazini kwa sababu tu ya anwani yao. Mchumba wa marehemu, mwanawe mdogo na vijana wengine wawili waliwekwa karantini, kwanza ndani ya nyumba ileile yenye shuka alizozilalia mgonjwa.

Wakati huo ndipo kanisa lilipohitajika kuamua. Mama huyo alikuwa muumini wa kanisa la Wilshire Baptist mjini Dallas, na mchungaji wake, George Mason, alijitokeza hadharani na kusema kwamba familia hiyo ni ya kwao. Wakuu wa jiji na kaunti walitafuta nyumba ya kuwahifadhi wanne hao, na milango mingi ikafungwa. Aliyefungua mlango alikuwa Askofu Kevin Farrell wa Jimbo Katoliki la Dallas, aliyetoa nyumba iliyomo katika eneo la kanisa, ingawa familia yenyewe haikuwa ya Kikatoliki. Clay Jenkins, kiongozi mkuu wa Kaunti ya Dallas, aliingia ndani ya ile nyumba ya Ivy bila mavazi ya kujikinga na kuwasafirisha kwa gari, baada ya wataalamu kueleza kwamba mtu asiye na dalili haambukizi.

Jioni ya siku ile Duncan alipofariki, ibada ya kumkumbuka ilifanyika katika kanisa la Wilshire. Mchumba wake hakuweza kuhudhuria kwa kuwa alikuwa bado karantini.

Baada ya siku 21 za uangalizi ikabainika kwamba hakuna hata mmoja kati ya wanne wale aliyeambukizwa, ilhali walilala chini ya paa moja na mgonjwa. Walioambukizwa ni wauguzi wawili waliomhudumia hospitalini, nao wote wawili walipona. Yeyote anayedhani kwamba maradhi hufuata mizani ya dhambi na thawabu atapata taabu kubwa kuieleza orodha hiyo.

Jibu la kwanza: atakuwa amekosa

Jibu la kale kuliko yote ni kwamba mwenye kuteseka ana kosa, hata kama halijulikani. Hilo ndilo jibu la marafiki watatu wa Ayubu: Elifazi, Bildadi na Sofari. Walianza vyema. Walikaa naye chini siku saba bila kutamka neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa mno. Waliharibu walipofungua vinywa. Kila mmoja, kwa ufasaha wake, alimtaka Ayubu akiri dhambi ambayo hakuitenda. Mwishoni mwa kitabu Mungu anawakemea wao, na anamthibitisha Ayubu aliyelalamika. Waislamu nao wanamheshimu Nabii Ayubu kama kielelezo cha subira, na hivyo kisa chake ni urithi wa pamoja wa majirani wengi katika mtaa kama Vickery Meadow.

Yesu alilikataa jibu hilo mara mbili kwa uwazi. Katika Injili ya Luka, sura ya 13, anataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu na kusema kwamba hawakuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi wanamwuliza nani alitenda dhambi hata mtu fulani akazaliwa kipofu, yeye au wazazi wake. Anajibu kwamba si huyo wala si hao.

Hata hivyo jibu hilo halikufa. Limevaa nguo mpya na linaitwa injili ya mafanikio: mafundisho kwamba mwenye imani ya kutosha na mwenye kutoa sadaka ya kutosha atapata afya na mali. Texas ni mojawapo ya ngome zake. Kenneth Copeland, mhubiri wa televisheni anayejulikana sana kwa mafundisho hayo, ana makao yake karibu na Fort Worth. Huko Houston, kanisa la Lakewood lilihamia mwaka 2005 katika ukumbi uliokuwa wa michezo ya mpira wa kikapu, wenye nafasi ya watu takriban 16,000. Mchungaji wake, Joel Osteen, halikubali jina la mhubiri wa mafanikio, ingawa watafiti wengi wamemweka katika kundi hilo. Kupitia televisheni na kanda, mahubiri ya namna hiyo yalifika Kinshasa, Nairobi na Dar es Salaam kabla wakimbizi wenyewe hawajafika Texas.

Haitakuwa haki kusema kwamba mafundisho hayo huwavuta watu kwa ulaghai tu. Kwa mtu aliyeishi kambini miaka 15 akingoja mgao wa unga, kuambiwa kwamba Mungu anamtakia mema na kwamba kesho inaweza kuwa bora kuliko jana ni habari njema kwelikweli. Tatizo hutokea pale mtoto anapougua, au kazi ya kiwandani inapokoma. Mafundisho hayo hayana tena la kusema ila moja: imani yako ilipungua. Hapo mgonjwa anabeba mizigo miwili, wa ugonjwa na wa aibu.

Wanateolojia wa Kiafrika wameliona hilo. Kundi la Afrika la kitengo cha teolojia cha Vuguvugu la Lausanne, linalowakutanisha Wakristo wa kiinjili kutoka nchi mbalimbali, lilikutana huko Akropong nchini Ghana mwaka 2008 na 2009. Lilitoa tamko likikubali kwamba Mungu hubariki na huponya, lakini likakataa kwamba umaskini au maradhi ni dalili ya laana au ya upungufu wa imani. Naye Kate Bowler, mwanahistoria wa injili ya mafanikio katika Chuo Kikuu cha Duke, aligunduliwa kuwa na saratani mwaka 2015, miaka miwili baada ya kuchapisha utafiti wake. Katika kitabu alichokitoa mwaka 2018 anaeleza jinsi watu walivyomwendea wakiwa na maelezo tayari ya ugonjwa wake, na jinsi maelezo hayo yalivyomwumiza.

Jibu la pili: ni mpango wa Mungu

Jibu la pili lina heshima zaidi, na limewashika mkono waumini wengi katika giza. Linasema kwamba hakuna litokealo nje ya ujuzi wa Mungu, na kwamba hata uovu anaweza kuugeuza ukazaa wema. Mfano mkuu ni Yusufu katika kitabu cha Mwanzo. Ndugu zake walimtupa shimoni na kumwuza utumwani, lakini baada ya miaka mingi aliwaambia kwamba walichokikusudia kwa ubaya, Mungu alikikusudia kwa wema.

Ni vyema kuangalia ni nani aliyeyatamka maneno hayo, na lini. Aliyeyatamka ni Yusufu mwenyewe, aliyeteswa, baada ya miaka mingi, huku akilia. Hayakutamkwa na ndugu zake waliokuwa wamekaa juu ya shimo wakila chakula. Lau wangeyatamka wao, maneno yaleyale yangekuwa kejeli.

Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa kanisa. Mama aliyenusurika vita vya Kivu akisimama kanisani na kushuhudia kwamba Mungu alikuwa naye msituni, ushuhuda huo ni mali yake, na hakuna mwenye haki ya kumnyang'anya. Lakini mwenyeji ambaye hajawahi kuikimbia hata mvua hana haki ya kumwambia mama huyo kwamba kufiwa kwake ni sehemu ya mpango. Imani ileile, ikitoka katika kinywa kingine, hugeuka kuwa njia ya kuyakwepa machozi ya mtu.

Jibu la tatu: kulia mbele za Mungu

Jibu la tatu kwa kweli si maelezo. Ni maombolezo. Takriban theluthi moja ya Zaburi ni maombi ya kulalamika: waumini wanamwuliza Mungu atakaa kimya hadi lini. Waliozikusanya hawakuyaondoa malalamiko hayo wakidhani ni ukosefu wa imani. Waliyaweka katika kitabu cha ibada ili yaimbwe na watu wote.

Emmanuel Katongole, padri kutoka Uganda na profesa katika Chuo Kikuu cha Notre Dame nchini Marekani, alikiandikia jambo hilo kitabu kizima, kilichochapishwa mwaka 2017. Hoja yake ni kwamba katika maeneo kama mashariki mwa Kongo na kaskazini mwa Uganda, maombolezo si kukata tamaa. Anayelia mbele za Mungu bado anaamini kwamba yupo wa kumsikia, na anakataa kuuita ubaya kuwa wema. Ndiyo maana, anaeleza, watu walioomboleza kwa dhati mara nyingi ndio walioinuka kutenda. Miongoni mwa mifano yake ni Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa wa Bukavu, aliyewatetea wakimbizi na raia hadi alipouawa tarehe 29 Oktoba 1996.

Mawazo hayo yana mizizi mirefu barani Afrika. Jiji la Roma liliposhambuliwa na kuporwa mwaka 410, wakimbizi walivuka bahari hadi Afrika ya Kaskazini. Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, aliandika kwa zaidi ya miaka 10 kitabu chake kuhusu Mji wa Mungu, kujibu maswali yaliyozuka. Mwanzoni kabisa mwa kitabu anasisitiza kwamba maafa huwapata wema na wabaya bila kuchagua, na kwamba wanawake waliobakwa katika uvamizi ule hawakupoteza usafi wao, kwa kuwa usafi ni wa nia, na nia yao haikukubali. Karne 16 baadaye, makanisa yanayowapokea wanawake kutoka Kivu bado yanahitaji kuyasikia maneno hayo. Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste na mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2018, amewatibu wanawake wa namna hiyo katika hospitali ya Panzi mjini Bukavu tangu mwaka 1999, na amewataka viongozi wa dini wasiwe watu wa kuwatenga.

Kipimo cha mlango

Msikilizaji anaweza kuuliza: basi ni jibu lipi lililo la kweli? Kadhia ya Vickery Meadow inatoa kipimo rahisi. Jibu lolote kuhusu mateso lipimwe kwa kile linachokifanya kwenye mlango wa mwenye kuteseka. Kama linamfanya muumini aufunge, jibu hilo lina kasoro, hata likipambwa kwa aya nyingi kiasi gani. Katika mfano wa Msamaria mwema, Yesu aliulizwa jirani ni nani, na kisa alichokisimulia hakina neno hata moja la kueleza kwa nini msafiri alivamiwa. Kina mafuta, divai, punda, nyumba ya wageni na dinari mbili za kulipia. Na aliyetenda hayo alikuwa mtu wa kabila na dini iliyodharauliwa.

Kipimo hicho kilirudi tena mwanzoni mwa mwaka 2025. Tarehe 20 Januari mwaka huo, Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha mpango wa kuwapokea wakimbizi, na amri ikaanza kutekelezwa tarehe 27 Januari. Siku hiyohiyo ya tarehe 27, waasi wa M23 walitangaza kwamba wameuteka mji wa Goma. Katikati ya Februari wakaingia Bukavu. Kwa familia za Kikongo nchini Marekani, siku moja ilileta habari mbili: nyumbani kunawaka moto, na mlango ambao jamaa zao walikuwa wakiungoja umefungwa. Watu waliokwisha kupimwa afya na kupewa tarehe za safari walibaki walipokuwa.

Makanisa yaliguswa moja kwa moja, kwa sababu mashirika mengi ya kuwapokea wakimbizi ni ya kidini. Mwezi Aprili 2025 Baraza la Maaskofu Katoliki la Marekani lilitangaza kwamba halitaendeleza mikataba yake na serikali ya kuwahudumia wakimbizi. Mwezi Mei, Kanisa la Episkopali lilitangaza kuumaliza ushirikiano wake, likisema haliwezi kukubali kuwapokea Wazungu wa Afrika Kusini waliopewa kipaumbele ilhali wakimbizi wengine walikuwa wakingoja makambini. Si mara ya kwanza kwa viongozi wa dini kutofautiana na watawala katika suala hilo. Januari 2020 Gavana Greg Abbott alipokuwa wa kwanza nchini humo kukataa rasmi wakimbizi wapya, maaskofu Wakatoliki wa Texas walimpinga hadharani.

Wapo Wakristo wengi wa Texas wanaoona kwamba serikali ina wajibu wa kulinda mipaka kwanza, na kwamba hisani ni kazi ya kanisa, si ya dola. Hoja hiyo haipaswi kupuuzwa. Lakini inamrudishia mwenye kuitoa deni zito: kama hisani ni kazi ya kanisa, basi maadamu dola imejiondoa, kazi ya kanisa imeongezeka.

Maisha ya kanisa baada ya ibada

Makutaniko ya Kiswahili katika miji ya Texas aghalabu hayana majengo. Hukutana mchana, baada ya ibada ya Kiingereza, katika kanisa la wenyeji. Mchungaji wake mara nyingi hufanya kazi nyingine ya mshahara, na baada ya zamu huwa dereva, mkalimani wa barua za shule na mpatanishi wa ndoa. Msiba ukitokea, hapo ndipo michango inapokusanywa, iwe ni ya kuzika Texas au ya kuwatumia jamaa rambirambi Uvira.

Maisha hayo yana migogoro yake. Nani ana ufunguo? Nani asafishe jiko? Je, watoto waliozoea Kiingereza wasomewe Biblia kwa lugha gani? Mgeni anakaa mgeni kwa miaka mingapi kabla hajapewa kiti katika baraza la wazee?

Matendo ya Mitume, sura ya 6, inaonyesha kwamba maswali hayo ni ya kale kama kanisa lenyewe. Manung'uniko ya kwanza ndani ya kanisa la Yerusalemu yalihusu lugha na chakula: Wayahudi wasemao Kigiriki walilalamika kwamba wajane wao wanasahauliwa katika mgao wa kila siku. Mitume hawakuwaambia wavumilie kwa kuwa ni mpango wa Mungu, wala hawakuwauliza wamekosa nini. Waliitisha mkutano, wakachaguliwa watu saba, na majina yote saba ni ya Kigiriki. Kwa maneno mengine, mamlaka juu ya mgao yalikabidhiwa upande uliokuwa ukilalamika.

Hapo teolojia na utawala wa kanisa vinakutana. Kutaniko la wenyeji linaloomboleza na wageni siku ya Goma kuanguka, kisha likaendelea kuwahesabu kama wapangaji wa saa nane mchana, limefika nusu ya njia. Vivyo hivyo, kutaniko la Kiswahili linalodai kupokewa na wenyeji linapaswa kujiuliza lenyewe linampokeaje Mkongo wa kabila jingine, Mrundi, Mnyarwanda, au Mwislamu wa Kisomali anayeishi ng'ambo ya ukumbi, kwa kuwa vita vilivyowafukuza nyumbani vilianza na swali lilelile la nani ni wetu na nani si wetu.

Swali lisilofungwa

Wapo watakaosema kwamba maombolezo na ujirani mwema havijibu swali la awali. Duncan alimsaidia jirani, naye akafa. Kwa nini Mungu aliruhusu? Ni kweli kwamba swali hilo linabaki. Kitabu cha Ayubu nacho hakilijibu. Mungu anasema na Ayubu kwa sura kadhaa bila kumweleza sababu ya mateso yake, na Ayubu anatulia, si kwa kupata maelezo bali kwa kutambua kwamba hakuachwa peke yake. Kwa Mkristo, msalaba unasema jambo hilohilo kwa uzito mkubwa zaidi: Mungu hakukaa mbali akitoa maelezo, aliingia mwenyewe ndani ya mateso, na mwanawe alikufa akiuliza kwa nini.

Wasioamini wataona jibu hilo halitoshi, na hata waamini wengi hukaa nalo kwa tabu. Lakini matokeo yake yanaonekana. Karantini ilipokwisha, mchumba wa Duncan alikuwa amepoteza karibu vyote alivyokuwa navyo, kwa kuwa vitu vya nyumba ile vilichukuliwa na kuteketezwa kwa kuhofia maambukizi. Alipotafuta nyumba nyingine ya kupanga, alikataliwa kwa sababu jina lake lilikuwa limejulikana. Waumini wa kanisa lake hawakuwa na maelezo ya kumpa. Walimsaidia kupata nyumba.